Nice: sifa ya Kiingereza iliyoanza kama tusi

Anayejifunza Kiingereza hukutana na nice mapema sana, na wepesi wake huwafanya wengi wadhani halina historia.

Dhana: Tangu zamani nice maana yake ni -zuri.

Sivyo hata kidogo. Asili yake ni nescius la Kilatini, yaani asiyejua: ne- ya kukanusha, na scire, kujua. Kifaransa cha kale kililitumia kwa mpumbavu, na Kiingereza kikalipokea na maana hiyo mnamo mwaka 1300. Kumwita mtu nice enzi hizo kulikuwa kumtukana. Kisha likageuka polepole: likawa la mtu mwenye haya, likawa la mtu anayechagua sana, asiyeridhika upesi. Anayechagua sana huona tofauti ambazo wengine hawazioni, na hapo ndipo ilipoingia maana ya umakini, katika karne ya 16. Kupendeza kulikuja karne ya 18, na upole wa mtu baadaye zaidi. Linalonivutia kuliko yote ni kwamba scire hiyohiyo ndiyo iliyozaa science. Neno lililoanzia kwenye ujinga na neno la sayansi ni ndugu wa damu.

Dhana: Limetokana na mji wa Nice, Ufaransa.

Zinafanana herufi tu. Mji hutamkwa "nis", na jina lake linatokana na Nikaia, la Kigiriki, linalohusishwa na ushindi.

Dhana: "A nice distinction" ni tofauti nzuri.

Hili huharibu tafsiri nyingi, na linastahili kukemewa. Ni tofauti ndogo mno, inayohitaji jicho kali. Maana ya karne ya 16 bado i hai humo, hasa katika maandishi ya sheria na falsafa.

Dhana: Maana ya leo ni kosa, kwa kuwa siyo ya asili.

Maana ya neno hufuata matumizi ya wasemaji wake. Katika riwaya ya Northanger Abbey ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1817, mhusika Henry Tilney anamdhihaki Catherine Morland kwa kukiita kitabu nice. Anasema huenda hapo mwanzo neno hilo lilihusu unadhifu na ustaarabu tu. Lakini hata yeye, msahihishaji, hakufika kwenye mzizi: mwanzoni hapakuwa na ustaarabu, palikuwa na upumbavu.