"Nikiacha Hiyo Krimu Uso Unaharibika": Dhana Potofu Kuhusu Dawa za Madoa ya Uso

Wagonjwa wa madoa wanaokuja kliniki na kopo mkobani ni wengi kuliko wanaokuja mikono mitupu, na karibu wote wana hadithi moja: "Daktari, hii ilinitoa madoa ndani ya wiki. Nilipoiacha tu, uso ukaharibika. Niandikie nyingine kama hii." Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Dhana: Uso ukiharibika baada ya kuacha krimu, basi krimu ilikuwa nzuri

Hapana. Hiyo ndiyo dalili kwamba umepaka steroidi, yaani dawa ya jamii ya homoni inayotuliza uvimbe. Ule mkorogo unaochotwa kwa kijiko na kutiwa kwenye kopo lisilo na lebo, mara nyingi ndani yake mna klobetasoli, ambayo iko kundi la steroidi kali kuliko zote za kupaka. Sisi tunaiandika kwa sorayasisi (ugonjwa wa ngozi wenye magamba) au ukurutu sugu wa viganja, kwa kawaida isizidi wiki mbili, na usoni tunaiepuka. Dada wa watu anaipaka usoni asubuhi na jioni, huu mwaka wa tatu.

Mbona inang'arisha upesi hivyo? Inabana mishipa midogo ya damu, ngozi inapauka. Maabara hutumia kupauka huko huko kupima steroidi ipi ina nguvu kuliko ipi. Pia inatuliza uvimbe na kuzizubaisha seli zinazotengeneza rangi. Lakini ngozi ya juu huchukua takriban mwezi mzima kujibadilisha, kwa hiyo rangi iliyokwisha kutua humo haiwezi kutoka kati ya Jumatatu na Jumapili, labda uibambue. Krimu inayokuahidi siku saba imeshakuambia yenyewe ina nini ndani.

Sasa acha kupaka. Mishipa inatanuka, uso unawaka moto, vinatoka vipele vidogo vya saizi moja. Na ngozi nyeusi haisamehe: kila palipovimba huacha alama. Kwa hiyo yale madoa unayosema yamerudi, mengine hayakuwepo kabisa. Yametokana na krimu. Unapaka tena, yanatulia, na hapo ndipo ninapoambiwa, "Unaona, Daktari?"

Mimi huanza kwa kuomba mikono. Uso ukiwa mweupe na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi ti, sihitaji lebo. Halafu nasogeza taa shavuni: vimishipa vyekundu vinaonekana chini ya ngozi iliyopungua unene, na kidevuni zimeota nywele laini ambazo mwenyewe anadhani ni za kurithi.

Kama na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, imo humo bila kipimo, baada ya miaka inaweza kuja okronosisi: vidoa vya rangi ya bluu iliyokolea weusi, hasa juu ya mifupa ya mashavu. Madaktari wa Afrika Kusini waliieleza mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu hizi. Mgonjwa anaona doa limezidi kuwa jeusi, anaongeza krimu, linazidi tena. Hilo sina dawa ya uhakika ya kuliondoa, na huwa namwambia hivyo hivyo bila kupaka sukari.

Kama umejipaka mwili mzima kwa miezi, usiamke kesho ukaacha ghafla. Tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini zinaweza kuwa zimelala, na kuacha ghafla kunaweza kukuangusha. Njoo tushushe taratibu. Uso utachafuka kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Anayekuambia kuna njia ya kuukwepa mchafuko huo anataka kukuuzia kopo jingine.

Dhana: Basi haidrokwinoni yote ni sumu

Kwenye vipodozi imepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na ni sawa kabisa. Ikiandikwa na daktari, asilimia 4, usiku tu, juu ya doa, kwa miezi michache kisha mapumziko, ni dawa nzuri. Hata hivyo mimi huanza na asidi ya azeleiki ya asilimia 20, dawa nyingine ya kupaka ya madoa. Ni ya polepole, matokeo utayaona mwezi wa pili au wa tatu, na wagonjwa hunilaumu kwa hilo. Wanilaumu tu. Sumu hasa ni zebaki inayotiwa kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha: inaharibu figo, na mtoto unayemlaza kifuani naye anaipata.

Dhana: Mafuta ya kukinga jua ni ya watu wenye ualbino

Wao yanawakinga na saratani ya ngozi, ndiyo maana hospitali ya KCMC kule Moshi yametengenezwa kwa ajili yao. Wewe yanakusaidia kulinda dawa uliyoinunua kwa hela yako. Kupaka dawa ya madoa usiku na kutembea juani mchana bila kinga ni kufagia huku mlango uko wazi na upepo unavuma. Kwa melasma, yale madoa mapana ya kahawia usoni, chagua yenye rangi ya kahawia, kwa sababu ya oksidi ya chuma: hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchochea rangi kwenye ngozi zetu, na mafuta meupe mengi hayauzuii. Kipimo ni mistari miwili ya mafuta, mmoja kwa urefu wa kila kidole kati ya vidole viwili, kwa uso na shingo. Ukiweza, vaa kofia pana au vuta mtandio mbele.

Ndimu, dawa ya meno, dodoki

Ndimu ni asidi kali, na maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha doa jipya lenye umbo la mchirizi. Dawa ya meno ni ya meno. Dodoki liishie shingoni. Na krimu ikikuwasha hadi unababuka, haimaanishi "inafanya kazi". Punguza au acha, maana tumeshasema uvimbe huacha nini.

Dhana: Madoa ya mimba yatibiwe haraka kabla hayajakomaa

Mengi hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Ukiwa mjamzito, kofia, mafuta ya jua na, kama yanakukera sana, asidi ya azeleiki vinatosha. Tretinoini (dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A) na haidrokwinoni zisubiri, na kama ulikuwa umeshaanza kuzitumia kabla hujajua una mimba, ziache leo na umwambie mkunga wako kwenye hudhurio lijalo.