Fimbo ya shaba ya milimita 40: mkondo unapita wapi?

Kugawa ampea kwa eneo la mkato kunakupa wastani tu. Kwa waya wa 2.5 mm² wastani unatosha. Kwa fimbo ya shaba ya kipenyo cha mm 40 inayobeba A 1,600 za 50 Hz, unapotosha: 1,600 ÷ 1,257 ni 1.27 A/mm², ilhali usoni mwa fimbo kuna 2.09 na katikati 1.05.

Chanzo ni mikondo ya edi. Mkondo unaobadilika huzaa uga sumaku ndani ya shaba yenyewe, na uga huo huzungusha mikondo midogo inayopunguza mkondo mkuu katikati na kuuongeza pembeni.

Anza na kina cha upenyo (kina ambacho, kwenye bamba nene, msongamano wa mkondo hushuka hadi karibu 37% ya ule wa usoni), δ = √(ρ/πfμ). Weka vipimo vyote kwa mita: ρ (ukinzani mahususi wa shaba) = 1.72×10⁻⁸ Ωm, μ (upenyezaji wa sumaku) = 4π×10⁻⁷, na f ni masafa, 50 Hz. Unapata mm 9.3.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanachukua e^(−x/δ), wanaweka x (kina kutoka usoni) = mm 20, wanapata kwamba katikati kuna 12% ya msongamano wa usoni. Kanuni hiyo ni ya bamba nene. Kwenye fimbo ya duara uga huingia kutoka pande zote, na nusu kipenyo hapa ni mara 2.14 tu ya δ. Fomula za Bessel (hesabu kamili ya fimbo ya duara) zinatoa karibu 50%. Tena mkondo wa katikati unachelewa nyuzi 98 nyuma ya ule wa usoni, kwa hiyo kuna nyakati katika kila mzunguko unapokwenda kinyume nao! (Mita ya kubana haitakuonyesha, yenyewe husoma jumla.)

Huna Bessel? Chukulia mkondo wote unapita kwenye pete ya nje yenye unene wa δ: 899 mm², yaani ukinzani mara 1.40 ya ule wa DC (mkondo usiobadilika). Jibu kamili ni 1.33, hivyo kosa limeangukia upande salama.

Usisahau joto. Kwenye 70 °C ρ hupanda kwa 20%, δ inafika mm 10.2 na uwiano wa ukinzani wa AC (mkondo unaobadilika) kwa ule wa DC unashuka hadi 1.25, lakini ukinzani wenyewe umepanda. Hesabu ya DC kwenye 20 °C ingekuambia W 35 za joto kwa kila mita ya fimbo. Uhalisia ni W 52.

Ukiweka bomba la mm 40 lenye ukuta wa mm 10, unaokoa robo ya shaba, na ukinzani wa AC hauongezeki kwa kiasi hicho. Fimbo ya fezi nyingine ikiwa jirani, namba zote hizi zinabadilika: uga wake husukuma mkondo upande mmoja, na fomula ya fimbo pekee haifai tena.