Maumivu sugu ya kichwa: si lazima uumie ndipo upone

"Dokta, nimebonyeza mpaka machozi yakanitoka, na kichwa bado kinagonga." Maneno haya nayasikia kliniki kila mara, na mgonjwa hunionyesha mkono uliovilia damu kati ya kidole gumba na cha shahada, sehemu inayobonyezwa katika tiba ya Kichina ili kutuliza kichwa. Anaamini kwamba kadiri anavyojiumiza ndivyo maumivu yanavyotoka. Jamani, hapana!

Maumivu ya mkazo, yale yanayobana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa, huwa sugu yakifika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3. Kufikia hapo tatizo si misuli ya shingo na mabega peke yake. Ubongo na mishipa ya fahamu vimeshakuwa vyepesi kuhisi maumivu, kiasi kwamba hata mguso mdogo unauma. Ukijiminya kwa nguvu, unauchokoza mfumo ule ule unaotaka utulie.

Badala yake, fanya hivi: kaa, egemeza viwiko mezani, weka vidole gumba kwenye vishimo viwili vya kisogoni, chini ya fuvu, pembeni mwa misuli minene ya shingo. Legeza taya, wengi wanaisahau, na mimi naisisitiza kuliko vidole vyenyewe. Bonyeza taratibu kuelekea juu hadi usikie uzito. Ukisikia uchungu mkali, umezidisha. Shikilia dakika moja huku ukipumua polepole, pumzika, rudia. Mbele ya shingo, penye mshipa unaodunda, usibonyeze kabisa. Mjamzito aiache ile sehemu ya mkononi. Tiba ya Kichina yenyewe inamkataza. Ushahidi wa kubonyeza kwa vidole ni mdogo kuliko wa akupancha, yaani sindano nyembamba za tiba hiyo ya Kichina, lakini ukifanya hivi taratibu hupati hasara.

Wengine huniambia, "Mitishamba haina kemikali." Inazo, ndiyo maana inafanya kazi. Mafuta ya mnanaa ya asilimia 10, yaliyochanganywa na ethanoli (aina ya spiriti), yakipakwa kwenye paji na panja, mbali na macho, yalijaribiwa Ujerumani na yakapunguza maumivu haya. Usipake yale ghafi ya chupa, yanaunguza ngozi. Mtoto mchanga usimpake usoni, yanaweza kumbana pumzi. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asianze kunywa vitunguu saumu au tangawizi kwa wingi kabla ya kumwambia daktari wake.

Wengine nao husema, "Kichwa kikiuma ni presha." Mara nyingi presha haiumi popote. Ikileta maumivu ya kichwa, kwa kawaida imeshafika 180/120 au zaidi. Kapime, usikisie.

Kuna na wanaoongeza vidonge mitishamba ikishindwa. Parasetamoli ikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, yenyewe inazalisha maumivu ya kichwa. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vyenye dawa zaidi ya moja ndani yake, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta tatizo hilo. Hesabu zako kabla hujaja kwangu.

Na kichwa kikiuma ghafla kana kwamba kinapasuka, au kikija na homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja, au baada ya kugongwa, usibonyeze chochote wala usichemshe majani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.