Je, wajua vipimo vya hadubini ya AFM vinakaa wapi ndani ya faili la picha?

Tuseme maabara moja ya Tengeru, nje kidogo ya Arusha, inachunguza mkaa wa mifupa unaotumika kupunguza floridi kwenye maji ya kunywa, shida ya siku nyingi kwa vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Sampuli imepelekwa chuo cha mbali chenye hadubini ya nguvu za atomu, ile inayojulikana zaidi kwa kifupi AFM. Majibu yanarudi kwa WhatsApp: picha ya rangi ya dhahabu na kahawia, imejaa vilima na mabonde. Mtafiti anataka kujua kilima kimoja kina urefu wa nanomita ngapi, na picha haina jibu.

Haina kwa sababu AFM haipigi picha. Tangu Binnig, Quate na Gerber waitangaze mwaka 1986, kazi yake ni kupapasa. Ncha yenye makali ya nanomita 10 hivi hupita juu ya sampuli mstari kwa mstari, leza ikifuatilia mkono mwembamba unaoibeba, na mashine huandika volti zilizohitajika kuipandisha au kuishusha. Kinachopatikana ni jedwali la namba, mara nyingi mistari 512 yenye nukta 512 kila mmoja. Rangi hupakwa baadaye na programu.

Hapo kwenye kupaka rangi ndipo vipimo vinapopotea. Namba ya biti 16 ina ngazi 65,536, ilhali picha ya kawaida hubakiza 256. Ikiwa tofauti ya kimo kwenye picha nzima ni nanomita 100, kila ngazi ya rangi inabeba nanomita 0.39. Tabaka moja la grafiti lina unene wa nanomita 0.335 tu, kwa hiyo linaweza kumezwa lote ndani ya rangi moja. Kisha JPEG huikata picha katika vigae vya nukta 8 kwa 8 na kulainisha kila kigae, na WhatsApp huibana tena. Mwambie mwenzako akutumie faili lenyewe kama dokumenti, asilitume kama picha.

Ukilipokea, tengeneza nakala kwanza, halafu tazama ukubwa. Chaneli tatu, yaani majedwali matatu ya vipimo vya eneo moja, za 512 kwa 512, baiti 2 kila nukta, zinahitaji zaidi ya megabaiti 1.5. Faili la kilobaiti 60 haliwezi kuwa na vipimo hivyo, hata likiitwa jina gani. Baada ya hapo jaribu Gwyddion, programu ya bure inayosoma mafaili ya watengenezaji wengi wa AFM. Ikifungua na kuonyesha mizani ya nanomita, kazi imekwisha.

Mafaili ya Park, mmoja wa watengenezaji wa AFM, huwadanganya wengi. Ni TIFF, aina ya faili la picha, kwa hiyo kompyuta yoyote huyafungua kama picha, lakini vipimo vyenyewe vimewekwa pembeni kwenye lebo za siri, data ikiwa kwenye lebo namba 50434. Ukilifungua faili hilo kwenye programu ya kuhariri picha, ukalizungusha kidogo na kulihifadhi upya, lebo hizo kwa kawaida hutupwa. Picha inabaki vilevile, vipimo havipo tena.

Mafaili ya Nanoscope, programu ya AFM za Bruker, yenye kiambishi .spm au .000, yanafaa kujifunzia. Lifungue kwa kihariri cha maandishi bila kuhifadhi chochote. Utaona kichwa kirefu kinachoanza na \*File list. Ndani yake kila chaneli ina sehemu yake. Tafuta ya Height, yaani kimo, usichukue ya Phase, ambayo si kimo, kwa bahati mbaya. Data offset inakuambia namba zinaanzia baiti ya ngapi, mara nyingi 40960, na Samps/line na Number of lines zinatoa vipimo vya jedwali. Soma kuanzia hapo namba kamili zenye alama ya kujumlisha au kutoa, baiti yenye thamani ndogo ikitangulia.

Makosa hujitambulisha kwa sura. Jedwali likionekana kama chenga za televisheni isiyo na mawimbi, umegeuza mpangilio wa baiti au umeanza baiti moja mbele. Mistari ikilala mshazari, urefu wa mstari umekosewa. Ikitokea picha imepinduka juu chini, usihangaike: mstari wa kwanza ni wa chini. Usiamini Bytes/pixel peke yake pia. Gawanya Data length kwa idadi ya nukta. Matoleo mapya huandika 2 huku yakihifadhi baiti 4, na hayo ni heri kuiachia Gwyddion.

Mtego mkubwa uko kwenye mstari wa Z scale, wenye namba mbili. Ya ndani ya mabano, tuseme 0.006713867, ni ya kifaa kwa ujumla. Unayoihitaji ni ya mwisho, tuseme volti 20. Kwa faili la baiti 2, igawe kwa 65,536, kisha zidisha kwa Sens ya piezo, yaani kiasi ambacho kisogezaji cha AFM husogea kwa kila volti, iliyoandikwa juu kwenye kichwa, tuseme nanomita 12.5 kwa volti. Namba ghafi 8,000 inakuwa nanomita 30.5. Ukitumia ya mabano utapata 671, mara 22 zaidi, na picha itaonekana sawa kabisa.

Faili likizidi kwa takriban baiti 2,000 kwa kila nusu megabaiti, huenda limehamishwa kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili mtandaoni, katika hali ya maandishi, ambayo huidhania kila baiti 0A kuwa mwisho wa mstari na kuongeza baiti 0D mbele yake. Kurekebisha kunawezekana ila kuna mashaka. Omba litumwe upya kwa hali ya binari. Na flash iliyopita steshenari ya mjini ikaonyesha njia za mkato tupu, usiiformati: kirusi kimeficha mafaili tu. Safisha kirusi, halafu, ikiwa flash ni E, andika attrib -h -s -r /s /d E:\*.* na yatajitokeza.

Na kama iliyobaki ni picha tu? Soma rangi za mizani ya pembeni kutoka chini hadi juu, kisha linganisha kila nukta na rangi iliyo karibu nayo. PNG itakupa kimo cha kukisia, JPEG itaongeza vumbi. Sehemu zilizogonga mwisho wa mizani hazirudi, na kama mpimaji alishasawazisha mistari, mteremko halisi wa sampuli umefutwa. Kupima upana wa chembe inatosha. Kwa ukwaruzo, yaani Ra au Rq, usiitumie. Omba faili ghafi au sampuli ipimwe upya.