Simha na simba sio ndugu

Juzi tena, saluni, jamaa anaelezea kwa kujiamini kabisa kwamba neno letu simba limetoka India, ati Wahindi ndo walilileta na majahazi, na ushahidi wake ni jina la Singh. Hii nimeisikia mara nyingi mno, leo acha niandike.

Simha ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na maana yake ni simba, mnyama yule yule. Basi. Kwenye hilo ndo yakazaliwa majina kibao, kuna Singh ambalo wanaume wa Kisingasinga wanalibeba tangu kiongozi wao wa dini Guru Gobind Singh aanzishe Khalsa, jumuiya ya waumini wao, mwaka 1699, kuna Singapore ambayo ni Simhapura yaani mji wa simba, na Wasinhala wa Sri Lanka ndo maana bendera ya nchi yao ina simba kashika upanga. Wanasarufi wa kale wa India wenyewe walisema simha ni hims, kudhuru, herufi zimepinduliwa tu, na hims hiyo hiyo ndo iko ndani ya ahimsa, ile ya Gandhi ya kutodhuru.

Sasa hapa ndo panaponikera. Mtu akiona sim huku na sim kule, kesi imeisha! Simba ni la Kibantu jamani. Wagiriama wanasema tsimba, Wasukuma shimba, na ukishuka mpaka kwa Wazulu unakuta insimba, ila kwao huyo sio simba, ni kanu, kale kamnyama kembamba ka madoadoa, mkia una pete pete, kanaingia bandani usiku asubuhi unakuta manyoya ya kuku tu. Neno lililoshuka bandarini na wafanyabiashara lingefikaje huko likiwa jina la kanu? Halafu wale wafanyabiashara hawakuwa wanaongea Kisanskriti sokoni, wengi walitoka Gujarat na Kutch, na kwa Kigujarati simba ni sinh, hiyo b wangeitoa wapi? Tulichochukua kwa Wahindi kipo na hakuna anayekataa, gari, laki, chapati, bima.

Kwa hiyo ukimwambia Singh kwamba jina lake maana yake ni simba uko sahihi kabisa. Ila usimwambie kwamba sisi neno tulilipata kwa babu zake, hilo tulikuwa nalo.