Majani kulegea mchana sio lazima kiu

Jamani, kaskazi hii huku Unguja watu wakiona mibilingani na miboga imelegea majani saa saba mchana, wanakimbilia mpira wa maji wakidhani udongo umekauka. Sio lazima! Jua likiwa kali jani linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuvuta, hata chini kukiwa na unyevu, ndo maana linalegea, jioni jua likipoa linasimama lenyewe. Chomeka kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu acha, maana kurovya kila saa kunaozesha mizizi. Asubuhi bado imelegea na udongo mkavu? Hapo kweli ni kiu, mwagia taratibu mpaka maji yazame chini, kisha tandaza makumbi au majani makavu juu ya udongo, yasigusane na shina tu.