Hendibreki haiponi kwa waya peke yake

Ukaguzi wa magari ukikaribia, mafundi wengi hapa Mtwara hukimbilia waya wa hendibreki: kaza nati, hendibreki imepona. Ni imani ya siku nyingi, na si kweli. Kwenye breki za dramu (bakuli la chuma linalozunguka na tairi), shuu, yaani vipande vinavyoibana dramu kwa ndani, zikilika hukaa mbali nayo. Zisogezwe kwanza kwa kile kigurudumu cha meno kilicho ndani, mpaka tairi ukilizungusha kwa mkono usikie mkwaruzo mwepesi. Waya hufuata, kuondoa ulegevu tu. Ukianza nao, shuu hubaki zimegusa; ukifika Newala dramu haishikiki, na harufu ya kuungua imejaa garini.